Kisima changu cha pili hapa Wawi, Pemba, na vijana waliouangalia mchanga kabla ya kununua bomba

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Nilishaahidi zamani kuwa ntaandika kuhusu hawa vijana waliotuchimbia kisima cha pili na kila siku najichelewesha, saiv imetimia miezi 14 tokea wawashe pampu kwahiyo naona sasa naweza kusema kitu chenye ushahidi, mana mtu akisifia kisima wiki ya kwanza hajasema kitu bado, kisima kipya chochote kinatoa maji. Majina siweki, si la hawa wala la wale wa mwanzo, anayetaka namba aniulize pembeni ntampa. Nyota nawapa 4 kati ya 5, na ile moja iliyopungua ntaielezea.

Mie nna shamba la mboga, eka moja kasoro, tungule na pilipili hoho na matango, msimu mwengine matikiti, na nyumba yetu ipo hapohapo, na tumetoa bomba moja nje kwa ajili ya msikiti wa jirani. Kwahiyo maji kwetu ndo kila kitu.

Kisima cha mwanzo walikuja watu wakapiga mita 46 kwa siku moja na nusu, wakatusifia kuwa tumepata maji mengi sana, tukalipa milioni 4 na laki 8, wakaondoka. Kesingi waliyotia, yaani lile bomba refu linaloshikilia kuta za tundu, ni pvc ya kawaida ya inchi 5, na ile sehemu ya kuingizia maji waliikata mipasuo palepale uwanjani kwa grenda, mie nipo nawachemshia chai naangalia, cheche za plastiki zinaruka, na kila mpasuo ukipitisha sarafu inapita. Pembeni ya bomba wakamwaga kokoto zilezile za zege kwa koleo. Sikujua wallahi kama hapo ndo kisima changu kinauliwa mbele ya macho yangu.

Mwezi wa kwanza mchanga ukaanza. Sio mchanga wa kusema maji machafu kidogo, hapana, ndoo ya lita 20 ukiiacha itulie unakuta chini kijiko kizima cha mchanga wa kijivu, laini kama sukari. Mipira ya matone shambani ikaziba mstari mmoja baada ya mwengine, mbegu za tungule zikakauka huku tangi limejaa. Wali tunakula unakwaruza meno. Wazee msikitini wanatawadha na mchanga kwenye viganja, mzee mmoja akanambia mwanangu mbona bomba lenu linatoa ufukwe, nilijisikia vibaya sana mana lile bomba tulilitoa sadaka kwa ajili ya marehemu baba.

Pampu ya kwanza ikafa mwezi wa 4. Nikaipeleka kwa fundi Chake akaifungua nikaona mwenyewe, zile feni zake za ndani zimelika ukingoni mpaka zimebaki nyembamba kama ukucha. Ya pili ikaenda miezi 3 tu. Halafu sakafu ya saruji kuzunguka kisima ikapasuka na ikaanza kuzama upande mmoja, na hapo ndo niliingiwa na hofu kweli, mana ule mchanga unaopanda na maji unatoka mahala fulani, chini kunabaki pango na juu yake ndo tunapita na watoto. Tukashusha kamba yenye jiwe, kisima cha mita 46 jiwe likatua mita 39. Mita 7 zote zimejaa mchanga! Nikawapigia wale wa mwanzo wakanambia mchanga ndo ardhi yenu ilivyo, tuongezeni pesa twende chini zaidi.

Hawa wa pili niliwapata kwa jamaa yangu wa Unguja. Mkuu wao ni kijana Mpemba wa Wete, umri wa mwanangu wa kwanza, na kitu cha kwanza alichofanya alipofika hakuangalia maji, aliinama akachota ule mchanga uliorundikana chini ya bomba la msikiti akausugua kwa vidole akauweka kwenye mfuko. Akanambia bi mkubwa kwenda chini hakutokusaidia, hichi kisima kimekosa chujio, na ukienda chini hapa ndo unayakaribia maji ya chumvi. Akanieleza kuwa kwenye kisiwa maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyomo ardhini, na kwa hesabu kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina kama mita 40 chini yake, kwahiyo ukivuta kwa nguvu ukashusha maji mita 1 tu basi chumvi kule chini inapata njia ya kupanda mita nyingi. Wale wengine hawakuligusa hata neno chumvi.

Nikamuuliza haya umeyajulia wapi. Kumbe kasomea uhandisi wa mafuta Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliingia chuo wakati wa lile vuguvugu letu, 2016 Zanzibar tukapata sheria yetu ya mafuta na gesi, 2018 ukasainiwa mkataba na kampuni ya RAK Gas wa kitalu cha Pemba na Zanzibar, yaani eneo la kutafutia mafuta, na sote huku tunajua mafuta yanayochuruzika Tundaua na wazee wanakumbuka makampuni ya BP na Shell walivyokuja kuchimba mwanzoni mwa miaka ya 1960. Yeye akaona asome ili kazi ikija imkute tayari. Kazi ya mafuta bado, akahamia kwenye maji, na anasema elimu ni ileile.

Jioni ile alikaa barazani kwetu akanieleza mambo nikabaki mdomo wazi, na nayaandika hapa mana ndo sababu ya mie kumwamini. Anasema kule Kanada, jimbo la Alberta, kuna mafuta mazito kama asali ya baridi, mengine kama lami kabisa, na yamo ndani ya mchanga usioshikana, chembe zimekaa tu bila saruji baina yao kama mchanga wetu huu. Ukivuta mafuta mchanga nao unakuja. Sasa wenzetu kule wamegawika njia mbili. Upande wa Lloydminster, mpakani na Saskatchewan, wapo wanaouacha mchanga uje kwa makusudi, wanatumia pampu ya parafujo, chuma kilichosokotwa kinazunguka ndani ya mpira, alichokibuni Mfaransa René Moineau miaka ya 1930, ambayo inaweza kusukuma uji wa mafuta na mchanga bila kufa haraka kama hizi zetu. Na mafuta yanaongezeka, mana mchanga ukitoka unaacha vichochoro ndani ya ardhi kama njia za mchwa na mafuta yanapita humo. Mwanzoni mchanga unaweza kuwa zaidi ya asilimia 10 ya kinachotoka halafu unapungua. Lakini sasa ule mchanga wenye mafuta unataka matangi na malori na mahala pa kuutupa. Nikamwambia basi kisima changu kilikuwa cha Kanada. Akasema ndio bi mkubwa, ila wao wamekipigia hesabu na pampu yake na malori yake, wewe hukuulizwa.

Njia ya pili ndo iliyonigusa zaidi. Kwenye yale mafuta ya lami wanachimba visima viwili vya kulala, kimoja juu ya chengine kama mita 5 baina yao, cha juu kinapuliza mvuke wa moto, mafuta yanalainika yanashuka kwenye cha chini. Mbinu hiyo aliianzisha mhandisi Roger Butler. Na kile kisima cha chini hakitakiwi kuachiwa mchanga uingie ovyo, mana ndani kuna joto la zaidi ya nyuzi 200 na mvuke ukipita na mchanga kwa kasi unakata chuma kama msumeno, na huwezi kuteremka kwenda kurekebisha. Kwahiyo wanatia bomba la chuma lenye mipasuo maelfu kwa maelfu, kila mmoja chini ya milimita 1, na watafiti pale Chuo Kikuu cha Alberta wanafanya kazi hiyohiyo tu miaka na miaka, wanachukua kipande cha bomba lenye mipasuo wanashindilia mchanga juu yake, wanapitisha mafuta na maji, halafu wanapima vitu viwili, mchanga uliopita una uzito gani, na mtiririko umezibwa kiasi gani.

Mkizingatia hapo mtaona ni kifumbu. Sisi tuliokulia na kukuna nazi tunajua, kifumbu kikisukwa wazi chicha inapita na tui lako linakuwa na makapi, kikisukwa cha kubana sana unakamua mpaka mikono inauma na tui halitoki, na ukikitumia bila kukiosha mafuta yanaganda kwenye ukili kinaziba. Nikamwambia hivyo akacheka akasema bi mkubwa umeshafaulu mtihani wa mwaka wa 3. Anasema hao watafiti wanapambana na hilohilo, na kinachoziba zaidi sio mchanga, ni ule udongo laini kama poda unaokwama ndani ya mpasuo, kwahiyo wapo wanaoruhusu mchanga kidogo upite mwanzoni ili chujio lisizibe, kuliko kubana mpaka kisima kisitoe kitu.

Na kingine, tazameni hapa mana nilikishika kwa mkono wangu. Alikuwa na kipande cha skrini ya chuma, yaani lile bomba la chujio, cha kuonyesha watu, ile ya waya uliozungushwa. Ukipitisha kucha kwa nje mwanya mwembamba kabisa, ukigeuza kwa ndani mwanya huohuo ni mpana. Waya wenyewe una umbo la kabari. Chembe ikishaweza kuingia mlangoni haikwami katikati, inapita moja kwa moja. Ule mpasuo wa grenda unalingana nje na ndani, chembe inaingia inakaa katikati kama kokwa kooni.

Haya turudi kwenye kazi yao. Walichimba tundu la inchi 8, kama mita 10 kutoka kile cha zamani. Kila mita 1 waliyoshuka walichota kilichotoka wakakitia kwenye mfuko wa plastiki wakaandika namba kwa kalamu ya wino mzito. Mifuko 48. Wakaianika kwenye mkeka wangu kwa mistari, na ukiangalia unaiona ardhi yako yote imelala pale, mwanzo udongo mwekundu, ukaja mchanga wa njano, ukaja udongo wa kinamo wa kijivu unaonata kama unga wa muhogo kuanzia mita 31 mpaka 36, halafu mchanga tena mweupe mweupe. Mume wangu alikaa na ile mifuko zaidi ya saa nzima, hajawahi kujua kuwa chini ya nyumba yake kuna rangi zote zile.

Siku ya pili hawakufanya kelele za mashine kabisa, na majirani wakaanza kusema wamekimbia. Walikuwa wanapepeta! Machekeche madogo ya chuma yamepandana, la juu tundu kubwa la chini tundu dogo, wanamimina mchanga mkavu wanautikisa halafu wanapima kila chekeche kwa mizani ya kupimia dhahabu, wanaandika. Nusu ya mchanga wetu ni mkubwa kuliko milimita 0.35 na nusu ni mdogo kuliko hapo. Kutoka namba hiyo moja ndo kila kitu kikafuata. Akanambia watu wa mafuta wana kanuni ya mtaalamu wao anaitwa Saucier, ya mwaka 1974, kwamba changarawe unayoizungushia bomba iwe mara 5 mpaka 6 ya ukubwa wa ule mchanga wa kati, kwahiyo kwetu ni kama milimita 2. Changarawe ikiwa kubwa kama zile kokoto za zege mchanga unapita katikati yake kama hakuna kitu. Halafu mipasuo ya skrini inachaguliwa kwa kuishikilia changarawe, wakachukua ya milimita 1, ya kiwandani. Na hata bila changarawe, tokea mwaka 1937 mtaalamu mwengine wa mafuta, Coberly, alishaonyesha kuwa chembe zinaweza kuegemeana zikajenga kama tao la mlango juu ya mpasuo mpana mara 2 ya zile chembe kubwa kubwa, ukizidisha upana hapo tao halisimami. Mipasuo yangu ya mwanzo ilikuwa kama milimita 3, tao gani litasimama hapo.

Skrini wakaziweka kwenye mchanga tu, pale kwenye kinamo wakaweka bomba zima lisilo na mipasuo, mana kinamo ndo kinachotoa ile poda ya kuziba. Chini kabisa wakaacha mita 2 za bomba zima lililozibwa, chochote kitakachopenya kitulie humo.

Changarawe ililetwa ya mawe magumu iliyooshwa, sio ya matumbawe, matumbawe yanalika. Na hawakuitupa kwa koleo. Walishusha bomba jembamba pembeni wakawa wanamimina pole pole huku maji yanapita, na kijana mmoja kazi yake ni kuhesabu ndoo tu na kuchora mstari kwenye ukuta wa choo changu. Hesabu ilisema ndoo 28, ziliingia 31. Nikauliza mbona zimezidi, akasema zikizidi kidogo ni kheri, tundu halijanyooka kama chupa, ila zingeingia 15 tu zikajaa ningejua zimekwama katikati na chini kumebaki wazi, ningezitoa zote. Juu wakaziba kwa udongo maalumu wa kuvimba na saruji ili maji ya chooni yasishuke.

Halafu kompresa. Hii ndo sehemu iliyochosha mtaa mzima na samahani sana majirani. Masaa 9 wanapuliza hewa kisimani wanaacha, wanapuliza wanaacha, na mwanzo yalitoka maji kama chai ya maziwa, baadae kama uji mwepesi, mchanga unaruka, mie moyo unanienda mbio naona yaleyale yamerudi. Akanituliza, akasema tunautoa ule mdogo uliokaribu na skrini ili mkubwa ubaki ujipange wenyewe, usipoutoa leo na kompresa utautoa na pampu yako mwaka mzima. Magharibi maji yalikuwa meupe, akajaza glasi akanipa.

Pampu niliyokuwa nataka ni ya lita 5,000 kwa saa, akanikatalia, akanipa ya 2,000 na tangi kubwa zaidi, mana maji yakiingia kwa kasi ndo yanayobeba mchanga na ndo yanayoita chumvi. Nilinung'unika siku ile. Saiv sinung'uniki, inajaza tangi usiku na asubuhi nafungulia shamba.

Sasa ile nyota iliyopungua. Mashine yao inatoka Unguja na ilichelewa wiki 2 kupakiwa meli kuja Mkoani, na hawakupiga simu kunambia, mie ndo niliyekuwa napiga. Matope yote ya kuchimbia walinimwagia kwenye kitalu cha mche wa mikarafuu na miche 6 imekufa, walisema watanilipa na mpaka leo hawajanilipa. Na ile ripoti yenye michoro ya kisima niliahidiwa wiki 1 nikaipata mwezi wa 3 baada ya kumfuata mpaka Wete kwao. Kwa watu makini namna hii kwenye milimita inaniuma kuona wanalegea kwenye maneno.

Bei ilikuwa milioni 7 na nusu bila pampu. Najua ni nyingi, ila jumlisheni milioni 4 na laki 8 za kile kilichokufa, pampu 2, mipira ya matone yote niliyobadilisha, na msimu mzima wa tungule. Atakayekuja kwenu muulizeni ana machekeche? Akisema mchanga wa Pemba anaujua kwa macho, msimpe pesa. Na msikubali grenda iguse bomba lenu, mlinunulie skrini ya kiwandani hata kama ni kwa kukopa.

Karatasi ya pampu yangu inasema mchanga usizidi gramu 50 kwa mita moja ya ujazo, yaani ndoo ya lita 20 isizidi gramu 1. Kila Ijumaa nachota ndoo ya kwanza pampu ikiwaka, naiacha mpaka nirudi msikitini. Ijumaa iliyopita chini kulikuwa na chembe nimezihesabu kwa kidole, hazikufika 20. Yule mzee wa ufukwe anatawadha hapohapo bombani na amenishika mkono akaomba dua kwa ajili ya baba.

Ile mifuko 48 nimeihifadhi stoo, kwenye gunia la mchele. Jirani zangu wa Wawi wanaotaka kuchimba waje waione bure, na karatasi ya vipimo nimetoa kopi 4.